Pengo si utupu: Kemia, kasorobo na kito cha kijani cha Taita Taveta

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa sekondari karibu na Voi kuhusu madini ya kaunti yao. Nimefundisha kemia chuoni kwa zaidi ya miongo mitatu, muda wote kwa Kiingereza, lakini siku hiyo nikaamua kusema Kiswahili. Mambo yalikwenda vizuri hadi nilipofika kwenye ile nafasi ndani ya atomu ambayo elektroni ingeweza kukaa, ila haimo. Nikaiita "shimo".

Mvulana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Profesa, hilo shimo lina kina gani?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Taita Taveta, shimo ni mahali watu wanaposhuka kutafuta vito, na wapo walioshuka wasirudi juu. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba kemia yangu ilikuwa sawa, ila neno langu lilikuwa limewapeleka watoto kusikostahili.

Hebu tuanze na kito chenyewe. Mwaka 1967, mwanajiolojia mzaliwa wa Scotland, Campbell Bridges, alikuta ganeti za kijani kaskazini mwa Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akazipata tena upande wa Kenya, katika nyika ya Taita. Mwaka 1974 kampuni ya Tiffany ya New York ikakitambulisha kito hicho kwa wanunuzi kwa jina la tsavoraiti, kutokana na Tsavo yetu. Bridges mwenyewe aliuawa huko huko Taita mwaka 2009.

Ukijani huo unatoka wapi? Kito hiki ni muungano wa kalsiamu, alumini, silikoni na oksijeni. Kikiwa safi kabisa hakina rangi. Rangi huingia pale atomu chache za alumini zinapoipisha vanadiamu, na mara nyingine kromiamu. Vanadiamu iliyo ndani ya kito imepoteza elektroni tatu, ikabakiwa na mbili katika tabaka ambalo wanakemia huliita tabaka d. Tabaka hilo lina nafasi 10. Elektroni hizo mbili hunyonya sehemu ya mwanga wa urujuani na sehemu ya mwekundu, na kijani kikapita na kutufikia.

Sasa chukua nikeli, ambayo ndiyo huipa rangi krisoprasi, kito kingine cha kijani kinachochimbwa Haneti, mkoani Dodoma. Nikeli ya humo ina elektroni nane katika nafasi zilezile 10. Mwanafunzi atadhani hesabu ya nane ni balaa kuliko ya mbili. Kumbe sivyo. Kuna namna 45 za kuziweka elektroni mbili katika nafasi 10, na namna 45 za kuziweka nane, kwa kuwa ukishachagua nane zitakazokaliwa, umekwisha kuchagua mbili zitakazoachwa. Basi mwanakemia huziacha zile nane, akahesabu mapengo mawili kana kwamba ni elektroni mbili.

Hilo lina historia. Mwaka 1879 Edwin Hall, huko Marekani, aligundua namna ya kupima, kwa kutumia sumaku, ishara ya chaji inayobeba umeme ndani ya metali. Baadaye zikajitokeza metali, kama zinki, zilizoonyesha ishara chanya, ilhali kila mtu alijua kwamba elektroni ni hasi. Kitendawili hicho kilikaa miaka mingi bila mteguzi. Mwaka 1925 Wolfgang Pauli akatoa kanuni yake kwamba elektroni mbili haziwezi kukaa katika hali moja. Papo hapo akaona kwamba tabaka lililopungukiwa na elektroni kadhaa hufanana na tabaka lenye elektroni kadhaa hizo tu. Mwaka 1929 Rudolf Peierls akatumia fikra ya aina hiyo kuitegua ile ishara chanya, na mwaka 1931 Werner Heisenberg akaonyesha kwa hesabu kamili jinsi pengo linavyoweza kushughulikiwa kama elektroni. Kitabu cha William Shockley cha 1950 kikaweka elektroni na mapengo bega kwa bega katika jina lake. Leo simu iliyo mfukoni mwako na paneli za jua zilizo juu ya mapaa hutegemea mapengo yanayosafiri ndani ya silikoni.

Pengo husafirije? Panda matatu ya viti 14 kutoka Voi kwenda Wundanyi. Kondakta hatangazi kwamba amepata abiria 12. Anapaza sauti: "Wawili! Wawili twende!" Anauza mapengo. Abiria wa kiti cha pili akisogea mbele, pengo limerudi nyuma. Akimfuata wa tatu, pengo limerudi tena. Watu wamekwenda mbele, pengo limekwenda kinyume. Ndiyo sababu pengo la elektroni, ambazo ni hasi, huonekana kama kitu chenye chaji chanya.

Lakini tusivuke mpaka. Abiria wote wakipenda viti vya mbele, elimu yako kuhusu abiria itakudanganya ukimtafuta "abiria-pengo" huko mbele. Yeye yuko nyuma. Vivyo hivyo, ndani ya kito, elektroni hupenda nafasi zenye nishati ndogo, na pengo hubaki kwenye zenye nishati kubwa. Idadi ya mipangilio ni ileile 45, ila ngazi za nishati zinazotokana na majirani ndani ya kito hupinduka, ya chini ikawa juu. Kwa hiyo kijani cha Voi na kijani cha Haneti havikutokana na ngazi zilizopangwa sawa. Kufanana kwa rangi kusitufanye tusahau kugeuza ishara.

Turudi kwenye lugha. Wapo wanaopendekeza "nafasi tupu". Mimi siafiki. "Tupu" humaliza mazungumzo: hakuna kitu, tuendelee. Historia ya kaunti hii inatufunza uzito wa neno hilo. Chini ya sheria ya ardhi ya kikoloni ya 1902, ardhi iliyohesabiwa kuwa haikaliwi iliweza kutwaliwa na serikali ya Mwingereza. Mfugaji aliyekuwa amehama na mifugo kufuata maji, au shamba lililopumzishwa, halikuingia kwenye hesabu hiyo. Kutokuwapo mtu siku ya ukaguzi si sawa na kutokuwapo mwenyewe.

"Pengo" ni neno tofauti. Mswahili hawezi kutaja pengo bila kutaja kilichomo pande zote: meno yanayolizunguka, familia iliyobaki. Husoma katika gazeti hili kwamba marehemu "ameacha pengo kubwa"? Lina ukubwa, lina mahali, na huwabadilisha waliosalia. Zaidi ya hayo, lugha yetu imezoea kuhesabu upungufu. Saa moja na dakika 45 tunaiita saa mbili kasorobo. Hatuhesabu robo tatu zilizojaa, twahesabu robo moja iliyokosekana. Shaba iliyo ndani ya mrututu, ile chumvi ya buluu ambayo wakulima huinyunyizia mimea, ina elektroni tisa katika tabaka d. Yaani kumi kasoro moja. Mtoto anayesoma saa kwa Kiswahili amekwisha kuanza kujifunza hesabu ya Heisenberg, ila hakuna aliyemwambia.

Ndiyo maana nawasihi watunzi wa kamusi na walimu wa sayansi watulie na neno hili: pengo, mapengo. "Shimo" tuwaachie wachimbaji, na "tupu" tulitumie kwa tahadhari. Isije ikawa tunawaambia watoto kwamba kemia ni ngumu, kumbe kigumu ni neno tulilowapa.

Na yule mvulana wa nyuma, kama unasoma ukurasa huu, jibu langu limechelewa lakini ni hili: halina kina, mwanangu, kwa sababu halikuwa shimo. Lilikuwa pengo, na pengo tunaliuliza mangapi.