Koki ambazo hakuna aliyezipima

Ukiingia hotelini au kwenye duka kubwa la ghorofa, inua macho utazame dari. Utaona vichwa vidogo vya chuma, na kwenye kila kimoja kichupa cha kioo chenye kimiminika, mara nyingi chekundu. Hivyo ni vinyunyizio vya kuzimia moto. Kichupa chekundu kikifika nyuzi joto 68, kimiminika kinatanuka, kioo kinapasuka, maji yanashuka. Na yale ya kwenye sinema yasahau: havifunguki vyote kwa pamoja. Kinafunguka kile kilichofikiwa na joto tu.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1874 Henry Parmelee, mwenye kiwanda cha piano huko New Haven, Marekani, alivifunga kiwandani kwake. Miaka ya 1880 Frederick Grinnell akaviboresha. Basi kifaa tunacho, tena kizuri. Kazi ngumu ni kukitunza kikiwa kimekaa bure. Taa ikiungua utajua leo jioni. Lakini fundi akifunga koki ya maji wakati wa matengenezo halafu akasahau kuifungua, utajua siku jengo linawaka.

Philadelphia iliyaona haya Jumamosi usiku, tarehe 23 Februari 1991. Kwenye jengo la One Meridian Plaza, ghorofa 38, matambara yaliyolowa mafuta ya mbegu za kitani yaliachwa ghorofa ya 22 baada ya kazi ya kung'arisha mbao. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na matambara yakirundikwa yanaweza kuwaka yenyewe. Yakawaka.

Sasa angalia zimamoto walivyokwama. Kwenye jengo refu, maji husukumwa kwa nguvu kubwa ili yafike juu. Nguvu hiyo ikitoka yote kwenye mpira, askari hataweza kuushika, kwa hiyo koki za kuchomekea mpira zilikuwa na vifaa vya kupunguza presha. Tatizo ni kwamba vifaa hivyo vilikuwa vimewekwa chini mno. Askari walipanda ngazi gizani (umeme ulikatika, na jenereta ya dharura nayo haikufaa), wakafungua koki, maji yakatoka kwa unyonge. Saa kadhaa zilipita kabla hajapatikana fundi wa kuvirekebisha. Askari watatu walikufa. Mwishowe wenzao waliamriwa watoke nje, kwa hofu kwamba jengo lingeanguka.

Moto uliendelea kupanda hadi ghorofa ya 30, na hapo ukasimama. Ghorofa hiyo ilikuwa na vinyunyizio; nyingi za chini yake hazikuwa navyo. Vilifunguka kumi tu, vikilishwa maji na magari ya zimamoto yaliyokuwa barabarani. Vichwa kumi, baada ya ghorofa nane kuteketea!

Mwaka uliofuata, 1992, shirika la Marekani la NFPA lilitoa toleo la kwanza la NFPA 25, kanuni za kukagua, kupima na kutunza mifumo ya maji ya kuzimia moto. Sisemi moto ule ndio ulioizaa. Kanuni nene namna hiyo haziandikwi kwa mwaka mmoja. Ila ukizisoma leo utakutana na koki zilezile: vifaa vya kupunguza presha kwenye koki za mipira vipimwe kila baada ya miaka 5, maji yakitiririka kweli, si kwa kutazama tu. Vinyunyizio vikaguliwe kwa macho kila mwaka: kutu, rangi iliyopakwa juu yake, kichupa kilichopoteza kimiminika. Ndiyo, rangi. Mchoraji dari akikipitishia brashi kinyunyizio, kinaweza kuchelewa kufunguka au kisifunguke kabisa.

Jengo ninalofanyia utafiti lina geji ya presha chini ya ngazi, nyuma ya mlango wa chuma. Juzi nilitaka kuiona pamoja na kadi yake ya ukaguzi. Mlinzi, mzee mmoja mstaarabu sana, akaniambia mwenye ufunguo yuko likizo.