Kutoka Nairobi Hadi Nairobi, Kupitia London

Mwezi uliopita nilikaa saa mbili nikipakua faili la mahojiano kutoka seva iliyo hapa hapa Nairobi. Mhariri anapiga simu, mimi natazama asilimia zikisuasua. Nikapima kasi ya intaneti: safi kabisa. Nikampigia mtoa huduma, nikaambiwa nizime ruta niiwashe tena. Nikazima, nikawasha. Wapi!

Rafiki yangu, fundi wa mitandao, akanielekeza jinsi ya kufuatilia vituo ambavyo data inapitia. Kumbe ombi langu lilikuwa linatoka Nairobi, linafika London, ndipo lirudi Nairobi. Akasema nijaribu intaneti ya simu, ya kampuni nyingine. Dakika nne, faili likaingia.

“Kaka, huu ugonjwa ni wa zamani,” akacheka.

Ni kweli. Hadi mwaka 2000, barua pepe kati ya wateja wa kampuni mbili za hapa Kenya ilipitia Marekani au Ulaya kwa satelaiti, zile zinazokaa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Piga hesabu: swali lipande, lishuke, lipande tena, lishuke, na jibu vivyo hivyo. Sekunde nzima imekwisha njiani, na safari inalipiwa kwa dola.

Novemba 2000 watoa huduma, chini ya chama chao TESPOK, wakafungua KIXP, kituo cha kubadilishana data humu nchini. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kusafirisha mawasiliano ya kimataifa, ikalalamika kwamba inaingiliwa. Eti jirani kumpelekea jirani barua ni mawasiliano ya kimataifa! Haukupita mwezi, tume ya mawasiliano ikaamuru kifungwe. Kilifunguliwa tena Februari 2002, baada ya mvutano wa zaidi ya mwaka.

Mikonga ya baharini ilipofika Mombasa mwaka 2009, wengi tulidhani habari ya kuzunguka dunia imekwisha. Lakini mkonga ni barabara tu. Kampuni mbili zisipokubaliana kukutana hapa nyumbani, data yao itakutana ugenini, na anayesubiri ni mteja.

Siku hizi nikinunua intaneti siulizi kasi peke yake. Nauliza: data yangu inapita wapi?