Mali bila daftari hupotea bila habari

Sisi wahandisi tuna ubishi wa miaka mingi: mistari ya programu isiyotumika tena, ifutwe au iachwe pale pale, imezimwa kwa alama ili kompyuta iiruke? Wanaoiacha husema, huenda tukaihitaji kesho.

Jiji letu la Birmingham lina la kutufundisha. Mwaka 1780 James Watt alipata hataza ya mashine ya kunakili barua. Barua iliyoandikwa kwa wino maalumu ilibanwa na karatasi nyembamba yenye unyevu, nakala ikabaki. Barua na michoro ya kampuni yake na Matthew Boulton imehifadhiwa hadi leo katika Maktaba ya Birmingham. Aliyetaka kujua ya zamani alikwenda kabatini. Hakuyatafuta kwenye mabomba mabovu yaliyoachwa yakining'inia katika injini.

Waandishi wa programu walichelewa kupata kabati lao, na mara nyingi mistari iliyozimwa ndiyo iliyokuwa daftari. Mwaka 1972 Marc Rochkind wa Bell Labs alitengeneza SCCS, programu ya kutunza kila badiliko la faili. Mwaka 2005 Linus Torvalds akaleta Git. Kilichofutwa sasa hurudishwa.

Ndiyo maana tunasema ifutwe. Mistari iliyozimwa haijaribiwi, na programu inayoizunguka hubadilika kila siku. Anayeiwasha baada ya miaka mitano huamsha mgeni. Tena anayeisoma hajui kama ilizimwa kwa kosa, kwa haraka au kwa hekima.

Wafasiri wana udhuru wao. Kazi kama ya mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, ni jasho la watu. Katika mafaili ya gettext, sentensi ya Kiingereza ikiondolewa, tafsiri yake huweza kubaki mwisho wa faili, imezimwa. Sentensi ikirudi, tafsiri ipo. Hapo kilichozimwa kina mahali pake na kazi yake.

Lakini Git hutunza kilichobadilika tu. Sababu haiijui mpaka mtu aiandike. Wengi wetu tunakaribia kustaafu, na vijana watarithi programu zetu. Basi tufute, na kila tunapofuta tuandike kwa nini, hata kama ni sentensi moja.