Mnazi wa Iringa ni mwanzi

Umewahi kujiuliza kwa nini huoni minazi Iringa na Mbeya? Mnazi unataka joto la pwani; miji hii iko juu ya mita 1,500, baridi inaushinda. Kazi zake nyingi huku zilibebwa na mwanzi. Tangu zamani Wahehe na Wabena waliutumia kwa uzio, vikapu, nyungo, na pombe ya ulanzi. Wakati wa mvua mgema anakata ncha ya chipukizi, anatega mbeta, na chachu ya asili inageuza utomvu kuwa kilevi. Ila chipukizi likigemwa halikui kuwa mti wa kujengea, kama karara la mnazi likigemwa halitoi nazi. Basi kila msimu hesabu ni ileile: tunywe leo, au tujenge kesho?