Mvua inaponyesha mgodini: maji, tope na taka huenda wapi?

Mvua zikianza, wasikilizaji wetu wanaoishi jirani na migodi hutuuliza swali lilelile: maji yanayoteremka kutoka kule juu yamebeba nini? Ni swali la haki. Novemba 7, 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Williamson, Mwadui, wilayani Kishapu, ulipasuka. Tope likaingia kwenye makazi, mashamba na vyanzo vya maji vya wananchi wa Ng'wang'holo na Nyenze. Hakuna aliyepoteza maisha, lakini zipo kaya zilizopoteza nyumba na mashamba, na mgodi haukurudi kuzalisha hadi Julai 2023. Na ikumbukwe kuwa uchenjuaji wa almasi hautumii sianidi wala zebaki kama dhahabu. Tope peke yake lilitosha kuleta hasara hiyo.

Tuanze na mvua. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwenye eneo la mgodi la hekta 100, hiyo ni lita milioni 50, sawa na ndoo milioni mbili na nusu za lita 20. Maji yote hayo lazima yapate pa kwenda.

Kanuni ya kwanza ya mgodi ni kutoruhusu maji safi yakutane na machafu. Mvua inayonyesha mlimani juu ya mgodi bado ni safi. Mgodi huchimba mifereji kuuzunguka, kama makinga maji ya shambani, ili maji hayo yapite pembeni na kuendelea mtoni. Iliyonyesha ndani ya mgodi, juu ya barabara, karakana na malundo ya mawe, huongozwa kwenye mabwawa ya kutuliza tope. Hayo hupimwa kwanza, kisha hutumika tena kiwandani au huachiwa kama yametimiza viwango. Mfereji uliojaa mchanga tangu mwaka jana hauna kazi, ndiyo maana usafishaji wake hufanywa kabla ya msimu.

Malundo ya mawe ya taka, yale ambayo Geita huitwa magwangala, yana hatari ambayo wengi hawaijui. Baadhi ya mawe yana salfaidi. Yakipata hewa na maji hutengeneza asidi, na asidi hiyo huyeyusha metali zilizomo kwenye mawe. Maji yake mara nyingi huacha rangi ya kutu kwenye mawe ya kijito. Mgodi unatakiwa kuyatambua mawe hayo mapema, kuyazika katikati ya lundo na kuyafunika kwa udongo mzito.

Bwawa la tope ndilo linalohitaji jicho zaidi. Huhifadhi unga wa mawe uliobaki baada ya madini kutolewa, pamoja na maji na mabaki ya kemikali. Maji ndani yake hayatakiwi kukaribia kilele cha ukuta. Lazima ibaki nafasi ya kupokea mvua kubwa. Mwaka 2019 NEMC iliutoza mgodi wa North Mara, wilayani Tarime, faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uvujaji wa maji ya bwawa la tope, na mwezi Julai ikazuia bwawa hilo lisitumike.

Wachimbaji wadogo nao hawajasahaulika. Lundo la marudio likiachwa wazi kando ya kijito, mvua moja inalishusha lote pamoja na zebaki iliyobaki. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni au ziwani. Tuta la udongo kuzunguka lundo, na turubai juu yake, ni gharama ndogo. Oili chafu, betri na matairi vina utaratibu wake. Kwa ufupi, oili hukaa kwenye sakafu ya zege yenye kingo, si kwenye shimo.

Wewe uliye nje ya uzio utazame nini? Kuta nyingi za udongo huvuja kidogo, na maji maangavu yanayokusanywa kwenye mfereji si dalili mbaya. Yakianza kutoka na tope, yanabeba udongo wa ukuta wenyewe, na hapo watu wa chini waondoke kwanza, maswali baadaye. Samaki wakielea au kijito kikibadilika rangi, zuia mifugo na usiyaonje maji. Kuyachemsha hakuondoi zebaki wala risasi.

Piga picha, andika siku na saa, kisha mwone mtendaji wa kijiji na afisa mazingira wa wilaya siku hiyohiyo. Sianidi hupungua haraka kwenye jua na hewa. Taarifa ikifika wiki inayofuata, mpimaji anaweza kukuta maji hayana kitu, ilhali ng'ombe wameshakufa.