Hatari ya kuunganisha nyutro na ethi katika sanduku la pili la umeme

Mto Suam huteremka kutoka Mlima Elgon, hupita mpakani mwa Kenya na Uganda, na mbele zaidi huitwa Turkwel. Huko maji yake huzungusha mitambo yenye uwezo wa kuzalisha megawati 106 kwa gridi ya taifa. Hata hivyo, umeme ukishaingia katika duka au kinu cha mahindi huko Suam, Endebess au Kitale, usalama wa mtumiaji hutegemea jinsi nyaya tatu zilivyofungwa.

Waya moto huleta mkondo wa volti 240. Nyutro huurudisha mkondo huo kila wakati kifaa kinapotumika. Waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi, haupaswi kubeba mkondo wowote siku za kawaida. Kazi yake ni kuuondoa umeme uliogusa bati la mashine, ili fyuzi au kikata umeme kizime mara moja.

Nyutro na ethi hukutana mahali pamoja tu, upande wa chanzo. Nchini Marekani kiungo hicho huwekwa katika sanduku kuu. Nchini Kenya, ambako mafundi wamefuata kwa muda mrefu kanuni za Kiingereza, kiungo ni kazi ya msambazaji wa umeme, wala si ya mwenye nyumba. Kutoka hapo kwenda mbele, nyaya hizo mbili hutengana kabisa.

Matatizo huanza mwenye duka anapojenga kinu nyuma ya nyumba na kuvuta nyaya mbili tu hadi sanduku la pili. Kwa kukosa ethi, fundi asiye mwangalifu huifunga kwenye nyutro ndani ya sanduku hilo. Nyutro ikikatika njiani, umeme uliopita katika mota au taa hukosa njia ya kurudi, na bati la kinu hupata volti 240. Anayeligusa akiwa amesimama ardhini huweza kufa.

Hata ethi inapokuwapo, kiungo cha pili hugawa mkondo wa kurudi, sehemu yake ikipitia ethi na mabati. Kifaa cha kugundua uvujaji wa miliampea 30 kikiwa katika sanduku kuu, hujizima mara kwa mara. Kukiondoa kwa sababu hiyo ni kumfukuza mlinzi aliyemwona mwizi.

Aidha, fimbo ya shaba iliyozikwa kando ya kinu haitoshi peke yake. Ukinzani wa udongo ukiwa omu 20, volti 240 hupitisha ampea 12 pekee, na kikata umeme cha ampea 32 hakitashtuka. Udongo ukikauka wakati wa kiangazi, ukinzani huongezeka zaidi.

Njia salama ni kuvuta waya moto, nyutro na ethi, kila mmoja peke yake, hadi sanduku la pili, na kuzifunga nyutro na ethi kwenye vipau tofauti. Swichi kuu inayokata waya moto na nyutro ikishazimwa, kipimo hakipaswi kuonyesha njia yoyote kati ya nyutro na ethi. Ukaguzi huo ni wa fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA).