Makato usiyoyatambua kwenye akaunti: Yanatoka wapi, aulizwe nani?

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

MTEJA anayechukua taarifa ya akaunti yake benki na kukuta amekatwa fedha kwa jina la kampuni asiyoifahamu, hufikiria wizi kwanza. Yawezekana ni kweli. Hata hivyo, makato ya aina hiyo yana asili zaidi ya moja, na kila moja ina njia yake ya kushughulikiwa. Anayeshindwa kuzitofautisha huweza kulalamikia manunuzi aliyoyafanya mwenyewe, au akanyamaza hadi muda wa kudai haki yake ukapita.

Jina na tarehe

Asili ya kwanza ni jina. Duka au hoteli huweza kujulikana mtaani kwa jina moja, huku mashine yake ya malipo ikiwa imesajiliwa kwa jina la kampuni mama au la mmiliki. Kwa manunuzi ya kwenye intaneti, jina linaloonekana huweza kuwa la kampuni inayokusanya malipo kwa niaba ya muuzaji.

Tarehe nayo huchanganya. Siku kadhaa huweza kupita kati ya mteja kutumia kadi na muuzaji kuwasilisha madai yake benki, hivyo malipo ya Ijumaa jioni huweza kuandikwa Jumatatu au Jumanne. Kabla ya kulalamika, inafaa mteja alinganishe kiasi kilichokatwa na risiti zake za siku zilizotangulia, na kuwauliza wanafamilia wanaotumia kadi hiyo.

Fedha zilizozuiwa

Hoteli na kampuni za kukodisha magari huomba benki izuie kiasi fulani mteja anapofika, kama dhamana. Fedha hizo hazijalipwa, lakini mteja hawezi kuzitumia. Anapoondoka na kulipa gharama halisi, kiasi kilichozuiwa huweza kuchelewa kuachiwa, naye akadhani ametozwa mara mbili. Zuio likikaa muda mrefu, mteja aiombe hoteli iitaarifu benki kuliondoa.

Fedha za kigeni, ada na kodi

Aliyenunua kitu kwa dola huweza kukuta amekatwa shilingi nyingi kuliko alivyokadiria. Kiwango cha kubadilisha fedha kinachotumika ni cha siku malipo yanapokamilishwa, na benki huweza kuongeza ada yake ya muamala wa nje. Kuna pia mashine za nje ya nchi zinazompa mteja hiari ya kulipa kwa shilingi badala ya fedha ya nchi aliyoko. Hiari hiyo huja na kiwango kilichopangwa na upande wa muuzaji, na mara nyingi humgharimu mteja zaidi.

Benki nazo zina ada zake, zikiwamo za kadi na za kutumia mashine ya kutolea fedha ya benki nyingine. Tangu Julai 1, 2016 ada za huduma za benki nchini Tanzania hutozwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, hivyo kinachokatwa huweza kuzidi ada ambayo mteja aliizoea. Tozo nazo zimewahi kuzua malalamiko. Mwaka 2022 tozo ya miamala ya kielektroniki ilipelekwa hadi kwenye benki, na kuanzia Oktoba 1 mwaka huo Serikali ikaiondoa kwenye uhamishaji wa fedha kati ya akaunti.

Majaribio ya bure

Huduma nyingi za filamu, muziki na programu za simu hutoa mwezi wa kwanza bila malipo, lakini hutaka namba ya kadi mapema. Mwezi ukiisha, makato huanza na kujirudia. Kufuta programu kwenye simu hakusitishi makato hayo. Mteja hulazimika kujiondoa kwenye huduma yenyewe na kutunza uthibitisho.

Wizi

Mwizi hahitaji kuwa na kadi mkononi. Namba iliyo kwenye kadi, tarehe ya mwisho wa matumizi na tarakimu tatu za nyuma huweza kutosha kununua vitu kwenye intaneti. Baadhi ya wezi huanza kwa kukata kiasi kidogo sana ili kujaribu kama kadi inafanya kazi, kisha hurudi kwa kiasi kikubwa. Kwa sababu hiyo, makato madogo yasiyo na maelezo hayafai kupuuzwa.

Hatua za kuchukua

Anayeshuku wizi aifunge kadi mara moja kwa kupiga simu benki, kisha apeleke malalamiko kwa maandishi na kudai namba ya kumbukumbu. Aliyekatwa fedha bila mashine kumpa noti aandike saa, mahali na kiasi, kwani benki hulinganisha fedha zilizobaki ndani ya mashine na kumbukumbu zake.

Kwa kadi za Visa na Mastercard, benki ya mteja huweza kudai fedha kutoka benki ya muuzaji, na muuzaji akatakiwa kuonyesha ushahidi wa mauzo. Kwa madai mengi, ukomo wa kufanya hivyo ni siku 120. Benki huweza kumwekea mteja wake muda mfupi zaidi kwenye mkataba, hivyo kuisoma taarifa ya akaunti kila mwezi ndiyo kinga.

Asiyeridhishwa na majibu ya benki yake anaweza kupeleka suala hilo kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu ya Tanzania, ambayo mwaka 2019 ilitoa kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha. Dawati hilo humtaka mteja awe ameanza kwanza kwenye benki yake, na hapo ndipo nakala ya barua na namba ya kumbukumbu zinapohitajika.